Kiti cha Msema Kweli

Mtu akikuambia wasanii hawahitaji fedha, kwamba wao hula makofi na kunywa sifa, mwulize ni lini mara ya mwisho alilipa kodi ya nyumba kwa makofi. Kikundi hiki cha maigizo kilikuwa na makofi ya miaka na miaka. Kilikuwa pia na gari lisilowaka mpaka lisukumwe, spika iliyokoroma kama mgonjwa wa kifua, na mwanzilishi aliyeitwa Mzee Pazia, kwa kuwa ujanani aliwahi kuuza suti yake ya harusi ili anunue kitambaa cha pazia la jukwaa. Mkewe hajamsamehe hadi leo. Basi habari zilipokuja kwamba Mfuko umewapa ruzuku ya kuzungusha mchezo wao mji hadi mji, nauli, malazi na mishahara ndani yake, hakuna aliyeuliza Mfuko wenyewe ni wa nani. Mkono mtupu haulambwi, na huu ulikuwa umejaa.

Ombi la ruzuku aliliandika Machozi. Huyu alikuwa mwigizaji wao mkuu, mwanamke wa makamo, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu aliweza kulia wakati wowote anaotaka, jicho la kushoto likitangulia, la kulia likifuata, bila kitunguu wala msiba. Alikuwa pia ndiye msomi wa kikundi, maana yake ni kwamba mwandiko wake ulisomeka. Mfuko uliuliza: mchezo wenu una nini ambacho michezo mingine haina? Machozi akajibu kwa kueleza habari ya kiti.

Mchezo wenyewe uliitwa Nyumba Haivuji. Baba mmoja mkaidi, aliyeigizwa na mnene wa kikundi, Kibonge, anaapa kwamba paa lake halivuji huku mvua ikimlowesha kitandani, na yeyote anayethubutu kuleta beseni anafukuzwa nyumbani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchezo ukiisha, badala ya kuwaaga watu, Mzee Pazia alileta kiti cha mbao chenye mikono, akakiweka katikati ya jukwaa na kusema kwamba hicho ni Kiti cha Msema Kweli. Atakayekikalia ataeleza ni wapi kwao panavuja, na ni nani anayekataza beseni.

Sasa, watu hawapandi jukwaani hivi hivi. Kila mmoja anamtegea mwenzake. Ndiyo maana kikundi kilikuwa na utaratibu walioufanya siri yao na kuuita mbegu: wa kwanza kukaa kitini alikuwa daima mmoja wao. Machozi alivua kilemba cha mchezo mbele ya watu, akajifuta rangi usoni, akakaa, akashusha pumzi, kisha akasema, "Sasa siigizi tena. Haya ni yangu." Hapo alisimulia jambo la kutunga. Mji huu mtoto wake alinyimwa shule, mji ule kaka yake alidhulumiwa shamba, ilhali hakuwa na mtoto wala kaka. Akalia. Na alipoinuka, watu walikuwa wameshaanza kujipanga chini ya jukwaa, macho mekundu, kila mmoja na lake, na hao hawakutunga neno.

"Ni uongo mdogo wa kuitia kweli kubwa," Mzee Pazia alipenda kusema.

Ndivyo Machozi alivyoandika, ila mbegu hakuitaja. Aliandika: "Katika kiti hiki watu husema wasiyomwambia hata mwenzi wa ndani, na hutaja majina." Aliiona sentensi tamu sana. Akamsomea Kibonge, na Kibonge akamwambia, "Hiyo ya kutaja majina usiifute, dada. Hiyo ndiyo itatuletea mkate."

Mkate ulikuja kweli. Pamoja nao akaja mtu.

Alikuwa mpole wa sauti, shati limepigwa pasi, viatu visivyopata vumbi hata barabara iwe ya vumbi. Alisema ametumwa na Mfuko kusafiri nao na kutathmini matokeo, na kwa kuwa alilitamka neno hilo mara nyingi kuliko jina lake, wakambandika Bwana Tathmini. Alikuwa na kamera ya miguu mitatu. Aliwaletea simu mpya, kila mmoja yake, Mfuko unalipia. Gari lilipogoma alikunja mikono ya shati na kusukuma pamoja nao. Mtu kama huyo utamchukia kwa lipi?

Machozi alianza kumchukia katika mji wa pili, na ilikuwa kwa jambo dogo. Mchezo ulipokuwa ukiendelea, ukumbi mzima ukivunjika mbavu kwa Kibonge na paa lake, Bwana Tathmini alikaa pembeni anamenya karanga, kamera imefunikwa kitambaa. Hakucheka wala hakutazama. Mzee Pazia alipoleta kiti, mtu huyu alikung'uta maganda mapajani, akasimama, akafunua kamera na kuiwasha.

"Huyu mchezo wetu hautazami," Machozi alimwambia Kibonge walipokuwa wakikunja mapazia.

"Si ameshauona mji wa kwanza?"

"Hata mji wa kwanza hakuutazama."

"Basi hana ladha. Mfuko ungemtuma mwenye ladha, angetudai tiketi ya mbele." Kibonge alicheka peke yake.

Machozi alikuwa na desturi yake. Waliokaa kitini aliwaomba namba zao, na siku chache baadaye aliwapigia kuwashukuru, maana aliona si adabu kumvua mtu moyo wake mbele ya umati kisha ukapakia spika na kuondoka. Katika mji wa kwanza aliyesema mengi alikuwa fundi mwashi, mtu wa mikono mikubwa, aliyeeleza jinsi alivyoamriwa kujenga ukuta wa shule kwa mchanga mwingi na saruji ya kunusa, na akamtaja mkandarasi, akamtaja na mkubwa aliyegawana naye. Machozi alimpigia wakiwa tayari mji wa pili. Simu ilipokelewa na mdogo wake. Alisema kaka yake alichukuliwa kazini na watu waliokuja na gari, wakasema wanamhitaji kwa maswali machache, na tangu hapo hajarudi. Waliulizia kila kituo. Kila kituo kilisema hakimjui.

Machozi alijiambia mafundi huwa na madeni na ugomvi. Alijiambia hivyo kwa nguvu, kama anayesukuma gari.

Katika mji wa pili alikuwa muuguzi wa zahanati, mama mwenye sauti nzito, aliyesimulia dawa zinavyopokelewa mchana na kuuzwa kwingine kabla hazijafunguliwa. Naye alitaja. Machozi alipompigia, simu haikupatikana. Akapiga zahanati. Aliyepokea alisema kwamba muuguzi huyo alitoka zamu na nyumbani hakufika, na viatu vyake vya kazini walivikuta asubuhi kwenye ngazi za zahanati, vimepangwa pamoja. Akaomba asipigiwe tena.

Katika mji wa tatu alikuwa mwalimu. Safari hii Machozi hakusubiri siku zipite, alipiga kesho yake tu, nao bado wako njiani wanakunywa chai kibandani. Alipokea mke wa mwalimu.

"Wewe ndiye yule wa kiti?" mwanamke aliuliza.

"Ndiye mimi, mama. Nilitaka kumshukuru mwalimu."

"Ulisema mtoto wako alinyimwa shule. Tulilia wote. Mume wangu asingepanda pale kama si wewe." Akapumua. "Wamekuja alfajiri. Mwambie mtoto wako pole." Simu ikakatika.

Chai ilipoa mbele ya Machozi. Walirudi garini, na kabla dereva hajaondoa gari, Bwana Tathmini aligeuka kutoka kiti cha mbele na kumwambia kwa upole ule ule, "Dada, usiwe unawapigia hawa watu. Unawasumbua. Wana mambo mengi."

Machozi hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba alipiga. Kibandani alikuwa amekaa peke yake, nyuma ya gari. Aliitazama simu mkononi, ile mpya, anayolipia Mfuko, akaelewa. Akaelewa na mengine yote kwa mkupuo: kwamba Mfuko haukununua mchezo, ulinunua kiti, na kiti kilinunuliwa kwa sababu yeye, kwa mkono wake unaosomeka, alikuwa amewaandikia wakubwa kwamba hapa ndipo watu hutaja majina. Wakubwa walitaka kujua majina yao yanatajwa na nani. Basi.

Na mji uliofuata ulikuwa wa dada yake.

Hapa lazima nieleze kuhusu dada, maana bila huyo hadithi hii ingekuwa ya watu wa mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Dada ndiye aliyemlea Machozi mama yao alipofariki. Yeye aliacha shule ili mdogo wake aende. Aliolewa na mtu wa kiwanda cha sabuni, mtu mtaratibu, asiyegusa pombe hata ya kuonja. Siku moja tangi la magadi lilipasuka likamuua. Mafundi walikuwa wameonya kuhusu tangi hilo, na mwenye kiwanda alisema halina kasoro. Baada ya mazishi kiwanda kilitangaza kwamba marehemu alikuwa amelewa kazini. Dada aliendelea kufungasha sabuni katika kiwanda hicho hicho na kulala katika nyumba za wafanyakazi, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Lakini neno lile, mlevi, lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipompigia mdogo wake alilirudia.

Tangu aliposikia ziara itafika kwao, dada alikuwa kama mtoto anayesubiri sikukuu. Alimpigia Machozi siku hiyo hiyo, wakiwa barabarani, Bwana Tathmini kiti cha mbele.

"Mdogo wangu, mmefika wapi? Nimeshapanga la kusema. Nimelisema mbele ya kioo. Kwanza nitasema mume wangu hakuwa mlevi, halafu nitamtaja mwenye kiwanda mwenyewe, kwa jina lake na la baba yake."

"Dada," Machozi alisema, "wewe usipande."

"Nini?"

"Nimesema usikae kwenye kile kiti. Nakuomba."

Shingo ya Bwana Tathmini pale mbele haikutikisika.

"Unanionea aibu," dada alisema taratibu. "Kwa kuwa sikusoma."

"Si hivyo, dada yangu, Mungu anajua si hivyo."

"Basi ni vipi? Niambie."

Angemwambiaje? Sikio lililokuwa ndani ya simu ile lilikuwa kubwa kuliko gari. Alisema mtandao unasumbua, akakata, na macho yakamlowa kwa namna ambayo hakuizoea, yote mawili kwa pamoja.

Walipofika kulala mji wa katikati alimvuta Mzee Pazia kando ya gari na kumwambia yote: fundi, muuguzi, mwalimu, simu. Mzee alimsikiliza akichezea funguo. Hakuonyesha kushangaa, na hilo lilimwogopesha Machozi kuliko lingine lolote ambalo lingeonekana usoni mwake.

"Tuuache mchezo, mzee. Turudi nyumbani."

"Tumesaini, binti yangu. Mchezo na kiti, kila mji. Tukivunja, tunarudisha yote, na yameshaliwa." Aliziangalia funguo. "Mke wangu anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Unajua nani analipa?"

"Na wale watu, mzee?"

"Mimi sijaona mtu akichukuliwa. Wewe umeona?"

Yapo maneno mtu akiyasema uso wake unazeeka papo hapo. Machozi alimwacha pale pale. Kibonge naye alimsikiliza, akaacha kucheka kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akasema ana watoto wadogo. Machozi hakumlaumu. Alifikiri kujifanya mgonjwa, lakini akajua kiti kingeletwa tu, na Kibonge angefanya mbegu, na dada angepanda kwa hasira ya kukatazwa. Afadhali awepo.

Asubuhi ya safari, wakati wa kupakia, alifanya kitu cha kitoto. Alikiacha kiti. Alikisukuma nyuma ya mlango wa stoo ya nyumba ya wageni, akafunika na magunia, akapanda garini. Gari lilisukumwa, likawaka, likaondoka. Wakaipita stendi, wakaupita mji, na alianza kuvuta pumzi. Ndipo gari dogo jeusi likawapita, likasimama mbele yao, na kijana mwenye miwani akateremsha kiti kutoka buti akakileta mpaka dirishani.

"Mmesahau," Bwana Tathmini alisema, akikipokea kwa mikono miwili. Hakumtazama Machozi. Alikiweka mapajani mwake, akakishika hivyo safari nzima kama mtu aliyepakata mtoto wa mwenzake.

Walifika mchana. Machozi alisema anakwenda kumsalimia dada yake, na Bwana Tathmini akasema vizuri sana, naye angependa kumfahamu. Alinunua mkate na sukari njiani. Nyumba ya dada ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati, na harufu ya sabuni imeshika kila kitu, hadi kwenye mito. Dada alikuwa amevaa gauni lake la heshima tayari. Alimkumbatia mdogo wake nusu nusu, kwa bega moja, kwa kuwa bado ameumia, lakini mgeni alimpokea kwa furaha yote.

"Karibu, baba, karibu. Ndiwe unayewatunza hawa? Asante sana."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti hapo, hicho kingine mguu wake mbovu."

Aliketi chini ya picha ya marehemu. Akaitazama kwa muda. "Huyu ndiye mzee wa nyumba? Pole sana, mama. Alifariki kwa nini?"

"Utasikia leo ukumbini," dada alisema, akamtupia mdogo wake jicho. "Kama nitaruhusiwa."

"Nani akuzuie? Kiti ni cha kila mtu," Bwana Tathmini alisema, na akaukata mkate mwenyewe, vipande sawasawa.

Dada alitoka barazani kuchemsha chai. Machozi akamfuata mbio. Walikuwa wameinama wote wawili juu ya jiko, vichwa karibu kugusana, kama zamani. Machozi alimshika mkono.

"Dada, nisikilize. Usikae pale leo. Usikae. Nitakueleza siku nyingine, lakini leo—"

"Sukari mmeiacha mezani ndani," sauti ilisema nyuma yao. Bwana Tathmini alikuwa amesimama mlangoni na kopo la sukari, anatabasamu. "Niliona mtaihitaji."

Hakuondoka tena pale mlangoni mpaka chai ilipochemka. Machozi angeweza kupiga kelele, ni kweli. Watu hupenda kusema, mimi ningepiga kelele. Lakini yeye alikuwa ameona viatu vya muuguzi akilini mwake kila siku, vimepangwa pamoja, na mwanamume huyu alikuwa hatua moja kutoka kwa dada yake, ameshika kopo. Alikunywa chai yake akiwa ameamua jambo moja tu: kwamba ukumbini, mbele ya watu wote, hakuna mlango wa mtu huyo kusimama. Angekaa yeye kwenye kiti, kama kawaida, lakini safari hii angesema kweli.

Ukumbi wa kiwanda ulijaa mpaka madirishani. Wafungashaji wa sabuni walikuja na watoto, wametoka zamu moja kwa moja, aproni bado zimefungwa. Dada alikaa safu ya mbele, amezungukwa na wenzake wa kazini, na kabla mchezo haujaanza alikuwa akiwaeleza kila kitu kwa sauti ya fahari, huyu mnene ni fulani, huyu mzee ni fulani, na yule mdogo wangu, mtamwona, atawaliza. Machozi alimsikia kutoka nyuma ya pazia. Mchezo ulikwenda vizuri kupita yote. Kibonge alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya achekeshe zaidi, akawa anateleza kweli kwenye maji, na watu wakalia kwa kicheko. Bwana Tathmini alimenya karanga.

Kisha Mzee Pazia akaleta kiti, akasema maneno yake bila kuinua macho. Kamera ikafunuliwa. Taa yake ndogo nyekundu ikawaka.

Machozi alivua kilemba. Akajifuta rangi usoni. Akakaa.

"Sasa siigizi tena," alisema, na papo hapo akasikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa yamechakaa kinywani mwake. Akayarudia. "Jamani, sasa kweli siigizi. Naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza mtu anayewaambia nyumba inaungua."

Akawaambia. Aliwaambia habari ya fundi mwashi na ukuta, habari ya muuguzi, habari ya mwalimu na mke aliyepokea simu. Aliwaambia kiti hiki ni mtego na yeye ndiye aliyeuandikia chambo. Alinyoosha kidole na kuwaonyesha Bwana Tathmini pale pembeni na kamera yake. "Asipande mtu hapa," alisema. "Nawaomba, mwende nyumbani. Mkiwa na la kusema msilisemee hapa. Dada yangu, wewe hasa. Nenda nyumbani." Na alilia, sauti ikamkatika, kamasi zikamtoka bila mpango, akalia kama hajawahi kulia jukwaani maisha yake yote.

Watu waligeuka kumtazama Bwana Tathmini. Yeye aliweka mkono kifuani, akainama kidogo, kama mwigizaji aliyetajwa.

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Wa pili akafuata, kisha safu nzima, kisha ukumbi wote ukasimama, wanawake wakafuta macho kwa aproni, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mama huyu ni hatari." Machozi alitikisa kichwa. Alipaza sauti kwamba si mchezo, si mchezo, wakazidi kupiga makofi. Alimtafuta Kibonge kwa macho. Kibonge alikuwa amegeukia ukuta. Mzee Pazia alikuwa anakunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Chini ya jukwaa watu walianza kujipanga. Alikuwapo mwanamume mwenye vidole vilivyoliwa na magadi, alikuwapo mhudumu wa ofisi, alikuwapo dereva wa lori. Hawakuwahi kupata mji uliojipanga haraka hivyo. Na mbele yao wote, akipandisha gauni lake la heshima kidogo ili asikanyage ngazini, alipanda dada.

Alimfikia mdogo wake akainama, akampangusa uso kwa mtandio wake, kwanza jicho la kushoto kisha la kulia, kama alivyokuwa akimpangusa utotoni. Hasira zote zilikuwa zimemtoka. Akamnong'oneza sikioni.

"Kumbe ndivyo. Mimi nikadhani unanionea aibu, kumbe ulikuwa unaogopa nitakutangulia kabla hujapanda mbegu. Si ungesema tu, mdogo wangu? Wewe mwenyewe si uliniambia zamani kwamba wa kwanza ni wenu siku zote? Ningekungoja."

"Dada, ni kweli. Naapa kwa kaburi la mama. Ni kweli yote."

"Najua," dada alisema, akimtazama kwa fahari isiyo na mfano. "Hata mimi nimeamini."

Machozi alishika mikono ya kiti kwa nguvu zake zote, akaling'ang'ania lile jibao kama mtu anayeburutwa na maji. Dada akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja, kwa upole, na ukumbi ukacheka kicheko cha mapenzi, maana waliona dada wawili wanavyojua kuchezeana mbele za watu. Nyuma yao Bwana Tathmini aliisogeza kamera karibu zaidi, akairekebisha mpaka uso wa dada ukakaa katikati.

Dada akaketi. Akanyoosha gauni magotini, akakohoa kidogo, akatazama mbele pale pale ilipowaka taa nyekundu, kwa sababu ndipo mtu mpole yule alipomwashiria atazame.

"Mume wangu hakuwa mlevi," alianza, kwa sauti safi, iliyosikika mpaka madirishani. "Na aliyemuua namtaja."